Mfumo wa malipo unapofungwa usiku: kinachotokea ndani ya mtambo, na pesa zilizo njiani huenda wapi

Saa nne na nusu usiku, mwenye kibanda cha chipsi anafunga hesabu za siku na kukumbuka kwamba leseni yake ya biashara inaisha kesho. Anachukua simu, anaingia kwenye tovuti ya huduma za kaunti, anajaza nambari ya biashara na kubonyeza kitufe cha kulipa. Ombi la nambari ya siri linatokea kwenye simu, anaweka tarakimu zake nne, na arafa ya M-Pesa inaingia: pesa zimetoka. Anasubiri stakabadhi ya kaunti. Haiji. Anajaribu kufungua tovuti tena, haifunguki.

Asubuhi anafika afisini na kuambiwa maneno ambayo karibu kila Mkenya amewahi kuyasikia mbele ya dirisha fulani la huduma: “Sistimu iko chini.”

Maneno hayo hayamsaidii. Hayamwambii kama pesa zake zimefika, kama alipe tena, wala kama askari wa kaunti atakayepita adhuhuri ataikubali arafa ya M-Pesa badala ya leseni. Mkazi anastahili maelezo zaidi ya hayo, na maelezo yenyewe si magumu. Kuna namna nzuri ya kusimamisha mtambo na kuna namna mbaya, na tofauti kati ya hizo mbili ndiyo inayoamua kama stakabadhi ya mwenye kibanda itatoka au itakwama.

Kwa nini uzimwe kabisa

Swali la kwanza ambalo wakazi huuliza ni kwa nini mtambo unaofanya kazi vizuri uguswe. Jibu ni kwamba programu inapowashwa, kompyuta huinakili kutoka kwenye diski na kuiweka katika kumbukumbu ya muda, na kuanzia hapo huendesha nakala ile. Fundi akiweka toleo jipya kwenye diski saa tisa mchana, programu inayoendelea kufanya kazi haijui lolote. Itaendelea na nakala yake ya zamani mpaka izimwe na kuwashwa tena.

Ulimwengu ulipata somo hilo kwa gharama mnamo Aprili 2014, kasoro iliyopewa jina la Heartbleed ilipofichuliwa katika OpenSSL, programu inayotumiwa na tovuti nyingi kuficha mazungumzo kati ya mteja na seva. Dawa ilitolewa mara moja. Lakini kuweka dawa kwenye diski hakukutosha. Seva ambayo huduma zake hazikuwashwa upya iliendelea kuendesha nakala mbovu, huku mwenyewe akiamini amekwisha pona.

Kuna sababu nyingine iliyo karibu zaidi na mfuko wa mkazi. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na kila Sheria ya Fedha ya kaunti inapobadilisha ada za maegesho, ushuru wa soko au leseni, viwango vipya lazima viingizwe kwenye mfumo. Programu ambayo haijasoma viwango vipya itaendelea kutoza vya zamani, na mfanyabiashara aliyelipa pungufu bila kosa lake ndiye atakayetafutwa baadaye.

Si kila badiliko linahitaji kuzima. Baadhi ya programu zinaweza kuambiwa zisome upya mipangilio yao zikiwa zinaendelea na kazi, bila mteja yeyote kukatwa. Fundi mwangalifu huuliza kwanza kama hilo linawezekana kabla ya kuandika ilani ya kufunga. Pia hukagua mipangilio mipya kabla ya kuiwasilisha, kwa sababu nukta mkato moja iliyosahaulika inaweza kuizuia programu kuwaka. Nginx, ambayo ni programu maarufu ya kupokea wateja wa tovuti, ina amri ya kufanya ukaguzi huo, na hauchukui hata dakika moja. Wanaouruka huwa wanajuta saa nane usiku.

Nyapara wa seva

Ndani ya seva moja kunaweza kuwa na makumi ya programu zinazofanya kazi kwa wakati mmoja. Kuna inayopokea wateja wa tovuti, inayokokotoa ada, inayozungumza na M-Pesa, inayotuma arafa, na ile inayotunza hifadhidata, yaani daftari kuu la nani amelipa nini. Seva nyingi za aina hii duniani huendesha Linux, mfumo ambao Linus Torvalds alianza kuuandika mwaka wa 1991 alipokuwa mwanafunzi nchini Ufini.

Programu hizo za chinichini, ambazo hazina dirisha wala kitufe kwenye skrini, zina jina la ajabu katika lugha ya mafundi. Huitwa “daemon”, yaani pepo. Jina hilo lilitoka kwa wahandisi wa chuo cha MIT, Marekani, katika miaka ya 1960, waliozifananisha na pepo wa kufikirika anayetumiwa katika fizikia, anayefanya kazi bila kuchoka na bila kuonekana. Afisa wa kaunti akisikika akisema pepo mmoja amekufa usiku, basi, hakuna haja ya kuita mchungaji wala shehe.

Mapepo hayo yanahitaji nyapara. Kwenye Linux, programu ya kwanza kabisa kuwashwa hupewa utambulisho nambari 1, nayo ndiyo husimamia nyingine zote. Katika seva nyingi za leo nyapara huyo ni systemd, iliyoanzishwa mwaka wa 2010 na Lennart Poettering na Kay Sievers, kisha ikachukuliwa mwaka wa 2015 kuwa msimamizi wa kawaida wa Debian na wa Ubuntu, mifumo miwili inayotumika sana kwenye seva.

Kabla ya hapo, katika mifumo mingi, huduma iliwashwa kwa maandishi mafupi ya amri ambayo yakishamaliza kuiwasha yalijiondokea. Huduma ikifa saa tisa usiku, ilibaki imekufa mpaka mtu aamke na kulalamika. Ikitoa programu ndogo za kuisaidia, kisha yenyewe ikazimwa, zile ndogo wakati mwingine ziliachwa mayatima, zikiendelea kushikilia mlango ambao huduma mpya ingehitaji kuutumia. Fundi aliwasha huduma na kuambiwa mlango tayari una mtu, asijue ni nani. Nyapara wa kisasa huweka kila huduma pamoja na watoto wake wote katika kundi moja, na akiizima huduma huhakikisha hakuna mtoto aliyebaki nyuma.

Somo la mashine ya posho

Mwenye mashine ya kusaga posho analielewa jambo hili bila kusoma kompyuta. Anapotaka kufunga, haanzi na swichi. Anaanza mlangoni, anapomwambia anayekuja na debe la mahindi arudi kesho. Kisha huacha mahindi yaliyokwisha mwagwa yasagike yote, unga utoke, mwenye mfuko aondoke nao. Ndipo anapozima mota.

Stima ikipotea ghafla wakati mahindi yamejaa ndani, mambo huwa mengine. Yale yaliyosagwa nusu hukwama, na stima ikirudi mota hunguruma bila kuzunguka mpaka mtu afungue na kuyachokoa kwa mkono. Na kama kulikuwa na mahindi ya wateja wawili, hapo ugomvi huanza.

Seva nayo iko hivyo hivyo. Nyapara akitaka huduma isimame, huitumia ishara iitwayo SIGTERM, nambari 15. Ishara hiyo ni ombi: maliza ulicho nacho mkononi, funga, ondoka. Programu iliyoandikwa vizuri hufanya kama mwenye mashine ya posho. Huacha kupokea wateja wapya, huwamalizia wale waliokwisha ingia, huandika kila malipo kwenye hifadhidata, hufunga mafaili yake, kisha huondoka na kumwachia nyapara alama ya 0, maana yake nimetoka salama.

Kwa kawaida systemd huipa huduma sekunde 90. Zikipita na huduma bado haijaondoka, nyapara hutumia ishara ya pili, SIGKILL, nambari 9. Hiyo si ombi. Programu haiwezi kuisikia, kuikataa wala kujitayarisha. Mfumo wenyewe huifuta kutoka kwenye kumbukumbu, na chochote ilichokuwa imeshika bila kukiandika hupotea nayo.

Sekunde 90 zinatosha kwa kazi nyingi. Kwa malipo ya simu zinahitaji kufikiriwa, kwa sababu upande mmoja wa muamala ni binadamu. Ombi la nambari ya siri limetokea kwenye simu ya mama mboga; anapangusa mikono, anatafuta miwani, anamuuliza mtoto kama ni kaunti kweli au ni matapeli. Mtambo hauwezi kumharakisha. Ndiyo maana ufungaji mzuri wa mfumo wa malipo hauanzi na huduma ya malipo. Huanza na ukurasa wa mbele: dakika kadhaa kabla ya saa iliyotangazwa, kitufe cha kulipa huondolewa na mahali pake pakawekwa ilani. Wanaoingia sasa wanaambiwa warudi baadaye. Waliokwisha anza wanamaliza. Fundi huangalia idadi ya malipo yanayosubiri mpaka ifike sufuri, ndipo anapotoa amri.

Kuna programu ambazo mwandishi wake hakuzifundisha kuisikia SIGTERM. Wengi hudhani programu kama hiyo itaipuuza tu ishara na kuendelea na kazi. Sivyo. Programu isiyo na maagizo yoyote kuhusu SIGTERM hukatwa papo hapo, mahindi yakiwa ndani ya mashine. Kwa macho ya nyapara kila kitu kimeenda vizuri, kwa sababu huduma imeondoka upesi kabisa bila kulazimishwa. Hasara huonekana kesho yake, kwenye foleni ya watu wenye arafa za M-Pesa na bila stakabadhi.

Kwa hiyo swali la jinsi programu inavyojizima linastahili kuwa ndani ya stakabadhi za zabuni tangu mwanzo, pamoja na bei na muda wa kukamilisha. Mwuzaji aulizwe: programu yako ikiambiwa isimame huku watu 40 wanalipa, inafanya nini? Asiyeweza kujibu hajawahi kuijaribu.

Daftari kuu

Hifadhidata inahitaji uangalifu kuliko huduma nyingine yoyote, kwa sababu hapo ndipo kumbukumbu za wakazi zilipo. PostgreSQL, ambayo ni hifadhidata ya bure inayotumika sana duniani, ina namna tatu za kuzimwa. Ya kwanza humkataa kila anayekuja na kusubiri waliomo waondoke wenyewe, hata kama ni hadi alfajiri. Ya pili hukata mawasiliano yote, hufuta kazi zilizoishia katikati kana kwamba hazikuanza, kisha hufunga kwa utaratibu. Ya tatu huacha kila kitu kilivyo na kuondoka bila kufunga, na siku ya kuwashwa lazima isome kitabu chake cha matukio na kujirekebisha kabla ya kumhudumia mtu.

Ajabu ni kwamba ishara ya heshima ya SIGTERM, kwa PostgreSQL, ndiyo hiyo namna ya kwanza ya kusubiri bila mwisho. Nyapara mwenye saa ya sekunde 90 mkononi anaweza kuichoka na kuiua wakati yenyewe inasubiri kwa adabu. Mwongozo wa PostgreSQL wenyewe unatahadharisha dhidi ya kutumia SIGKILL, na katika mfano wake wa mpangilio wa systemd unachagua ishara ya namna ya pili na kumwambia nyapara asiweke kikomo cha muda.

Nginx nayo ina lugha yake. Kwake SIGTERM maana yake ni kufunga haraka, na anayetaka wateja waliomo wamaliziwe hutuma ishara nyingine, SIGQUIT. Neno moja, maana tofauti kwa kila huduma. Fundi asiyejua hilo anaweza kufuata utaratibu uleule kwa huduma zote na kuumiza wateja wa moja wapo bila kukusudia.

Kuondoka kwa zamu, kurudi kwa zamu

Huduma hazizimwi kwa pamoja. Inayozungumza na wateja hutangulia, inayokokotoa ada hufuata, na hifadhidata huwa ya mwisho, kwa sababu wengine wote wanaiandikia. Kuwasha ni kinyume chake: hifadhidata kwanza, mlango wa wateja mwisho. Nyapara akishaambiwa nani amfuate nani wakati wa kuwasha, huugeuza mpangilio huo mwenyewe wakati wa kuzima.

Kuwashwa si sawa na kuwa tayari. Duka linaweza kufunguliwa milango saa moja asubuhi huku mwenye duka bado anapanga mikate. Hifadhidata inayojirekebisha baada ya kuzimika vibaya inaonekana imewaka, lakini haijaanza kujibu. Huduma zilizoandikwa vyema humtumia nyapara ujumbe kwamba sasa ziko tayari, na hapo ndipo anayefuata huruhusiwa kuwashwa. Hata baada ya hayo, fundi hapaswi kuutangaza mfumo kuwa umerudi kabla ya kufanya malipo madogo ya majaribio na kuiona stakabadhi yake ikitoka.

Huduma inapokufa yenyewe, nyapara anaweza kuiinua bila kumwamsha mtu. Anaweza kuagizwa aiinue tu pale ilipokufa vibaya, asiiguse pale fundi alipoizima kwa makusudi. Lakini uinuaji huo una mpaka. Systemd, kwa mpangilio wake wa kawaida, ikiona huduma imewashwa mara 5 ndani ya sekunde 10 na bado inaanguka, huacha kujaribu na kuiandika kuwa imeshindwa. Wapo wanaolalamika kwamba nyapara amekata tamaa mapema. Hata hivyo huduma inayoanguka na kuinuka mfululizo ni hatari kuliko iliyolala, kwa sababu kila inapoinuka inaweza kupokea malipo ya mtu mmoja au wawili kabla ya kuanguka nayo.

Jambo la kuogopwa zaidi ni mazoea. Kuna mahali ambapo mtambo ukichelewa kidogo, mtu huchukua ishara nambari 9 kama dawa ya kila ugonjwa, kwa sababu ni ya haraka na haimbishii. Kila kisa cha namna hiyo huacha alama. Kumbukumbu za mfumo hutaja huduma iliyouawa baada ya muda kwisha, na mahali pengine hutokea nambari 137, ambayo ni 128 kujumlisha 9. Mkaguzi anayejua kusoma alama hizo ataona ni mara ngapi mashine ilizimwa mahindi yakiwa ndani, na anaweza kulinganisha saa hizo na saa za malalamiko ya wakazi.

Stima ikipotea

Hayo yote huchukulia kwamba kuna mtu aliyetoa amri. Umeme ukikatika, hakuna SIGTERM wala sekunde 90. Kazi ya betri za akiba katika chumba cha seva si kuendesha mtambo usiku kucha. Ni kuushikilia mpaka jenereta iwake, na isipowaka, kuupa muda wa kuzimwa kwa utaratibu. Betri iliyochoka, isiyoweza kubeba mzigo hata dakika tano, inafanana na breki za matatu zisizokaguliwa: hakuna anayejua hali yake mpaka siku inapohitajika. Kuzijaribu kwa kukata umeme makusudi, saa iliyopangwa, ni sehemu ya matunzo ya kawaida.

Hospitali za kaunti zina ugumu wao. Soko hulala, wodi hailali. Mgonjwa anayeletwa saa saba usiku hawezi kuambiwa arudi saa kumi na mbili. Kwa mifumo ya hospitali njia bora ni kuwa na seva mbili zinazogawana kazi. Moja huacha kupokea wapya, humaliza iliyo nayo, huwashwa upya na kujaribiwa, ndipo ya pili nayo ifanyiwe vivyo hivyo, na muuguzi aliye zamu hajui kwamba kuna lililotokea. Penye seva moja tu, fomu za karatasi lazima ziwe mezani kabla ya kuzima, na mtu atajwe kwa jina ambaye ataziingiza kwenye mfumo asubuhi. Bila hivyo, dawa aliyopewa mgonjwa saa nane usiku haitaonekana kwa daktari wa saa mbili asubuhi.

Pesa za mwenye kibanda

Malipo yake yanaandikwa katika sehemu tatu. Ya kwanza ni M-Pesa yenyewe, ambako pesa zilitoka kwake. Ya pili ni taarifa ya akaunti ya paybill, ambako pesa zilipokelewa. Ya tatu ni daftari la mapato katika mfumo wa kaunti, ambalo ndilo hutoa stakabadhi na leseni. Kuzimwa kwa seva ya kaunti hakugusi zile mbili za kwanza. Pesa zake zimefika. Kilichokosekana ni habari zake katika daftari la tatu, kwa sababu ujumbe wa kuthibitisha ulipobisha hodi, hapakuwa na mtu mlangoni.

Mfumo ukirudi, kazi ya kwanza ya wahasibu wa mapato ni kulinganisha taarifa ya paybill ya saa zile na daftari la kaunti, na kuingiza kila malipo yaliyokosekana. Nambari ya muamala ya M-Pesa, ile yenye herufi na tarakimu 10, haijirudii. Kwa hiyo hata malipo yakiletwa mara mbili, na mtambo na kisha na mhasibu, mfumo uliotengenezwa vizuri huitambua nambari na kuyaandika mara moja tu.

Hiyo ndiyo sababu ya kutolipa tena kwa haraka. Malipo ya pili yana nambari yake mpya, na mfumo hauna namna ya kujua kwamba ni ya wasiwasi tu. Kurudishiwa si jambo la siku moja. Pesa zikishaingia katika Mfuko wa Mapato wa Kaunti, kuzitoa kunahitaji idhini ya Msimamizi wa Bajeti, kwa mujibu wa Kifungu cha 207 cha Katiba. Mara nyingi ni rahisi zaidi kuomba malipo yaliyozidi yahesabiwe kwa ada ya baadaye.

Afisini, maneno “sistimu iko chini” hayatoshi. Anayehudumia wananchi anapaswa kusema huduma gani imefungwa, tangu saa ngapi, inatarajiwa kurudi lini, na malipo ya saa hizo yatalinganishwa lini. Ilani inayobandikwa ukutani bila saa ya mwisho haina tofauti na ukuta mtupu.

Aliyekwama kati ya arafa na stakabadhi asiifute arafa ya M-Pesa. Aiandike nambari ya muamala kwenye karatasi pia, kwa sababu simu huibwa na huzimika. Afike na nambari hiyo, nambari ya paybill aliyoitumia, nambari ya akaunti aliyojaza, na tarehe pamoja na saa ya malipo. Kosa linalochelewesha madai mengi ni nambari ya akaunti: leseni iliyolipiwa kwa nambari ya gari, au kodi ya ardhi iliyolipiwa kwa ploti ya jirani. Hapo kulinganisha kwa mtambo hakutoshi. Mhasibu lazima aone kwa macho na mkazi atie sahihi.

Mwenye kibanda cha chipsi ana arafa ya saa nne na dakika arobaini na moja usiku, siku moja kabla leseni yake haijaisha. Alilipa kwa wakati, na hiyo ndiyo tarehe inayostahili kuhesabiwa, hata kama stakabadhi itachapishwa siku mbili baadaye.